Namba Aliyoisoma kwa Sauti

Kwenye kile chumba cha ushonaji palikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la dirishani aliijua: fundi akitaja namba, mwandishi anairudia. Fundi anapima, mkono mmoja umeshika tepu, mwingine umetulia begani kwa mteja, anaita, "Bega, kumi na saba." Aliyeshika daftari anajibu, "Kumi na saba." Hapo ndipo fundi anashuka kifuani. Asiyerudia namba haitwi tena kuandika, hata awe na mwandiko mzuri namna gani.

Fundi mwenyewe walimwita Nusu Inchi. Jina hilo alibandikwa na wateja, kwa sababu alikuwa radhi kufumua gauni zima akalishona upya kwa ajili ya nusu inchi iliyozidi kwapani. Hakukasirika. Moyoni alilipenda. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mdomoni hakukosi pini, hata watu wakazoea kumsikia akiongea kwa upande mmoja wa midomo. Shule aliiacha mapema. Ukimpa karatasi yenye maneno, utamwona anasogea nayo mlangoni kwenye mwanga, anaifuata kwa kidole, kisha anasema miwani yake imevunjika. Miwani hakuwahi kuwa nayo. Lakini namba zilikuwa rafiki zake. Namba hata ikiwa ndefu aliitazama mara moja tu, akawa nayo kichwani mpaka jioni.

Akaunti ya uwekezaji alifunguliwa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa na kibanda cha wakala pale kwenye kona, cha kuweka na kutoa pesa kwa simu. Mfuko wenyewe ulikuwa wa vipande. Unatuma pesa kidogo, unanunua vipande, vinakua polepole. Ukitaka pesa yako unaomba kuuza, unasubiri siku tatu za kazi. Nusu Inchi na mumewe, ambaye alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba za watu, walikuwa wakiweka kila Ijumaa kwa miaka minne. Kuta za nyumba yao zilikuwa zimesimama bila paa. Vile vipande ndivyo vilikuwa paa.

"Wifi, nisikilize vizuri," yule wakala alimwambia siku ya kwanza. "Ikija namba kwenye simu yako, hiyo ni kama nguo ya ndani. Huonyeshi mtu. Hata mimi."

"Zako za ndani nimezishona mimi," akajibu Nusu Inchi. "Tuanzie wapi kufichana?"

Wakacheka mpaka mwenzake aliyeshona kwenye cherehani ya pili akasimamisha kazi. Wifi alipotaka kugeuka ukutani ili mwenzake aweke namba ya siri mwenyewe, Nusu Inchi alimrushia simu. "Weka wewe tu. Mimi nina pindo la kumaliza." Tangu siku hiyo, kila Alhamisi asubuhi wifi alipita, akaifungua simu, akamsomea vipande vimefika wapi, akanywa chai, akaondoka.

Mwaka mmoja nyuma, jirani yao muuza viatu alitapeliwa. Alipigiwa simu, akasoma namba, akaunti ikakauka. Nusu Inchi alicheka huku anajishika mbavu. "Wewe mtu mzima na akili zako unamsomea mtu usiyemjua namba? Si ungempa na meno yako kabisa!" Muuza viatu alitabasamu kama mtu anayemeza dawa, na kwa wiki nzima akapitia njia ya nyuma.

Ile Jumatano wifi alipita siku isiyo yake. Alikuwa na zipu iliyokatika. Akasubiri itengenezwe, akamsomea Nusu Inchi ujumbe wa mteja anayeomba gauni lake liongezwe mikono, akaiacha simu ya fundi mezani karibu na pasi, akaenda zake. Mshonaji wa cherehani ya pili naye akatoka kufuata uzi. Benchi likawa tupu.

Ndipo akaingia mlinzi wa ghala, baba mmoja mpole mwenye tumbo, na suruali ya kazi iliyokataa kufunga.

"Toa pumzi, kaka," Nusu Inchi akamwambia, tepu ikiwa imemzunguka kiuno. "Suruali huwezi kuidanganya. Ukitoka hapa utapumua, halafu itapasuka mbele ya bosi wako."

"Basi nipunguzie aibu, andika pungufu."

Simu ikalia. Akaibonyeza kwa kiwiko.

"Habari za asubuhi, mama." Sauti ya kijana, ya adabu, na nyuma yake watu wanasikika wakiongea na simu nyingine, kama ofisini. Akamtaja kwa majina yake matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. "Napiga kutoka kwenye mfuko wako wa vipande. Tunahamishia wanachama kwenye mfumo mpya. Ambao hawajahamishwa mpaka saa sita mchana, akaunti zao zitafungwa hadi mwakani."

"Nina mteja mikononi, baba. Nipigie baadaye."

"Wala usimwache mteja wako, mama. Weka sauti kubwa uendelee na kazi. Nimekutumia namba. Wewe nitajie tu, mimi nitaandika."

Wewe nitajie, mimi nitaandika. Miaka ishirini Nusu Inchi alikuwa akiyaishi maneno hayo. Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Akaivuta karibu. Maneno yalikuwa mengi, mistari mitatu, na maneno hakuwa na wakati nayo. Katikati palikuwa na tarakimu sita zimesimama wazi kabisa.

"Nne," akaita.

"Nne," sauti ikarudia.

"Tisa."

"Tisa."

"Sifuri."

"Sifuri. Endelea, mama."

Mlinzi aligeuza shingo. "Mama fundi, hiyo si ile namba ya—"

"Wewe nimekwambia utoe pumzi."

Akamaliza zote sita. Yule kijana akairudia namba nzima toka mwanzo, polepole, tarakimu kwa tarakimu, akauliza, "Ndivyo ilivyo?" Nusu Inchi akasema ndivyo. Na alipokata simu alijisikia vizuri, akajisemea kwamba hawa sasa ndio watu waliofundishwa kazi, siyo wale anaopewa yeye hapa, wa kuandika thelathini na tatu mahali pa ishirini na tatu.

Saa tisa ujumbe mwingine ukaingia. Huu haukuwa na namba sita. Akasogea mlangoni, akaufuata kwa kidole. "Ombi... lako... la kuuza... vipande... vyote..." Hakufika mwisho. Alirudi akakaa kwenye kiti cha cherehani, miguu kwenye pedali, bila kushona. Akaipigia namba ya yule kijana. Haikupatikana. Akapiga tena. Akapiga mara kumi na moja.

Pale pale, mtaa mmoja tu, kibanda cha wifi kilikuwa wazi. Angeweza kuvaa kandambili na kwenda. Alizivaa hata. Kisha akamwona muuza viatu amekaa pale nje ya kibanda, anapiga soga, akazivua. Akajipa moyo kwamba siku tatu za kazi ni nyingi. Kesho atatafuta njia. Njia gani, hakujua. Jioni mumewe alimuuliza mbona yuko kimya, akasema kichwa.

Alhamisi wifi akaja kama kawaida. Akaweka pochi, akaichukua simu, akabonyeza, akabonyeza tena. "Inakataa kufunguka." Akaingia kwenye jumbe. Nusu Inchi alikuwa amempa mgongo, anafumua mshono ambao haukuwa na kosa lolote.

"Wifi! Umeuza vipande?"

"Mimi?"

Hilo neno moja lilimtoka kwa mshangao mzuri kabisa, kama mtu asiyejua kitu. Angeweza kulirudisha. Alikuwa na nafasi ya pumzi moja ya kulirudisha. Lakini wifi alikuwa ameshashika kichwa kwa mikono miwili, "Mungu wangu, wamekuingilia! Vaa viatu. Twende sasa hivi, pesa bado haijatoka." Wifi alifunga kibanda chake siku ya malipo, wateja wakiwa wamepanga foleni, akamkokota mkono.

Ofisi ya mfuko ilikuwa ghorofa ya pili, viti vya plastiki, feni inazunguka bila kupoza. Afisa aliyewapokea alikuwa kijana mwenye shati jeupe ambalo kola yake ilizidi upande wa kushoto. Nusu Inchi aliiona kola hiyo kabla hajauona uso wake, na muda wote uliobaki hakuiondolea macho.

Afisa aliandika kwenye kompyuta, akatikisa kichwa, akapumua. "Tumesimamisha. Pesa ilikuwa itoke Jumatatu. Mmewahi."

Wifi akapiga makofi kama mtoto. Akamkumbatia Nusu Inchi, akambusu upande wa shavu. "Paa lako lipo, wifi! Lipo!"

"Kuifungua akaunti tena ni jambo jingine," akasema afisa. "Nahitaji maelezo. Aliyeingia ameingia kwa namba iliyotumwa kwenye simu ya mama. Ama aliisoma mwenyewe, ama alisomewa." Akashika kalamu. "Mama, ulimsomea mtu yeyote hiyo namba?"

"Hapana."

"Hata kwa simu? Hata kama alisema anatoka kwetu?"

"Hapana."

"Hawezi huyu," wifi akadakia, mkono wake bado uko begani kwa mwenzake. "Nimemfundisha mwenyewe. Kuna mwenzetu alitapeliwa hivyo hivyo, huyu alimcheka mpaka tukamwonea huruma yule baba. Labda kuna aliyeshika simu."

"Nani huwa anashika simu yake?"

"Mimi hapa!" Wifi alicheka. "Mimi ndiye msomaji wake. Hata namba ya siri niliiweka mimi. Jana tu asubuhi nilikuwa pale, nimekaa nayo simu, namsomea."

Kalamu ikasimama.

"Jana saa ngapi?"

"Saa nne. Saa nne kasoro."

Afisa akaangalia kompyuta. "Namba ilitumwa saa nne na dakika sita." Akaandika. "Na wewe dada, kazi yako?"

"Wakala." Sauti ya wifi ilikuwa imeshuka kidogo. "Wakala wa pesa."

Afisa akaandika hilo pia, akapiga mstari chini yake.

Wifi akageuka. Mkono wake aliutoa begani taratibu, akamtazama Nusu Inchi usoni, akangoja. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayejua mwenzake sasa hivi atafungua mdomo. Nusu Inchi alitazama kola. Robo inchi, alijiambia. Au zaidi kidogo. Alipopewa karatasi atie sahihi, akatia.

Walipofika kwenye kona wifi aliuliza, "Nilipoondoka, simu niliiacha wapi?"

"Mezani."

"Na baada yangu nani aliingia?"

"Wateja."

"Wateja," akasema wifi. Akaingia kibandani kwake bila kuaga.

Ijumaa asubuhi kibanda hakikufunguliwa. Kampuni yake ilikuwa imepigiwa simu na mfuko, ikamzimia laini ya uwakala mpaka Jumatatu, atakapokwenda kutoa maelezo akiwa na kitambulisho. Wifi hakujificha ndani. Alikaa nje kwenye kiti kile kile, na kila mteja aliyefika alimwambia mtandao una shida. Lakini maneno hayakuhitaji mtandao. Mchana mwanamke mmoja aliyekuja kuchukua sketi aliinama juu ya meza ya Nusu Inchi, akanong'ona: "Pole, mama. Kumbe damu ya mtu ndiyo inayommaliza. Na sisi tulikuwa tunampa namba zetu zote!" Nusu Inchi alimfungia sketi kwenye karatasi. Alifunga vibaya, akafungua, akafunga upya.

Mumewe ndiye aliyemmaliza kabisa. Alirudi jioni, rangi nyeupe imemkauka kwenye nyusi, akamkuta mkewe amekaa gizani kidogo, taa haijawashwa. Akachuchumaa mbele yake. Yeye si mtu wa maneno mengi. "Pole, mke wangu," akasema. "Dada yangu mwenyewe. Siku zote nilikuwa nasema wewe ndiye mgeni hapa, yeye ndiye wa damu. Nisamehe." Akainama akamfungua kamba za viatu, kitu ambacho hakuwa amewahi kumfanyia tangu wajuane. Nusu Inchi akakaa na miguu yake mikononi mwa yule mwanamume, akaona uso unamwaka moto, na bado akasema, "Si kitu."

Usiseme hakujaribu. Jumamosi asubuhi alilipanga mdomoni neno lote la kukiri: nilikuwa na kazi nyingi, mteja alinisemesha, maandishi ni madogo. Kila akilipanga, kosa linatoka likiwa la mtu mwingine. Mara lilikuwa la mteja, mara la simu.

Mlinzi wa ghala akaja kuchukua suruali. Akaivaa nyuma ya pazia, akatoka, akajigeuza kwenye kioo. Hakuwa na haraka.

"Imekaa vizuri," akasema. Halafu, akiendelea kujitazama kwenye kioo: "Nimepita pale kwa wifi yako. Kumefungwa."

Nusu Inchi aliinama akaokota uzi sakafuni.

"Mama fundi, mimi nililisikia lile jambo na masikio yangu. Nimelala nalo siku tatu. Sitakwenda kulisema kwa mtu, maana si langu." Akakunja kwa uangalifu suruali kuukuu aliyokuja ameivaa, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. "Ila usinifanye niwe napita njia ile na kumsalimia yule dada kama sijui kitu. Hilo usinifanyie."

Akalipa, akaondoka. Kama angemtukana ingekuwa nafuu.

Nusu Inchi alitoka vile vile, tepu shingoni, pini mbili mdomoni. Katikati ya njia akakumbuka pini, akazichomeka kifuani. Pale kwenye kona wifi alikuwa amekaa nje ya kibanda kilichofungwa. Watu wanne walikuwepo, na kati yao, jinsi mambo yalivyo, muuza viatu. Nusu Inchi alitamani angemkuta wifi peke yake. Akafikiri amwite pembeni. Kisha akaona kwamba aliyechafuliwa hadharani hawezi kusafishwa pembeni, akasimama pale pale alipokuwa.

"Namba niliisoma mimi."

"Unasemaje?" Wifi hakuinuka.

"Ile namba. Aliyeisoma ni mimi. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Mtu alipiga simu, akasema anatoka kwenye mfuko, nikamsomea zote sita kwa sauti." Akaishika tepu shingoni kwa mikono miwili. "Hakunilazimisha."

Hakuna aliyecheka. Alimwangalia muuza viatu, akingoja lile neno la meno limrudie, maana alistahili. Muuza viatu alikuwa anatazama chini, anasugua soli ya kiatu kwa kidole gumba, uso umemwiva kana kwamba aliyetapeliwa leo ni yeye tena. Hapo ndipo Nusu Inchi alipojua alimfanya nini mwaka jana.

"Na kule ofisini?" wifi akauliza.

"Nilidanganya."

"Nikiwa nimekaa pembeni yako."

"Ndiyo."

"Nikakutazama."

"Ulinitazama."

"Kwa nini?" Wifi sasa alikuwa amesimama. "Si ungesema tu! Nani angekula nyama yako? Watu wanasoma namba kila siku, mimi nawaona hapa kila siku, nawasaidia, siwacheki!"

"Mimi niliwacheka," akasema Nusu Inchi.

Wifi alikisukuma kiti chake nyuma. "Nenda kamwambie kaka yangu. Kwa maneno hayo hayo, usipunguze. Na usinifuate hapa."

Alimwambia. Alimkuta juu ya ngazi kwenye nyumba ya watu, brashi mkononi, akamwambia akiwa chini, shingo imeinuliwa, rangi inamdondokea kwenye vidole vya miguu. Mumewe alishuka daraja moja moja. Alinawa mikono kwa mafuta ya taa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akavaa shati, akaenda kwa dada yake. Alipopita karibu na mkewe alipita kama unavyopita karibu na nguzo.

Jumatatu walikwenda ofisini wanawake wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Afisa alikuwa na shati jingine, kola safi. Nusu Inchi aliitoa hadithi yote, na mlinzi wa ghala ndani yake, na pumzi, na sauti iliyokuwa ikirudia namba. Afisa aliikata ile karatasi ya kwanza kwa mistari miwili, akaandika upya. Akapiga simu kwenye kampuni ya uwakala huku wifi akisikiliza.

"Mama," akasema baada ya kuweka simu, "sisi hatumpigii mtu kumwomba namba. Hata siku moja. Na ukiteleza, tupigie saa hiyo hiyo, useme nimeteleza. Ulikaa nayo karibu siku nzima. Kama dada huyu asingepita Alhamisi, ningekuwa nakupa pole."

"Nimesikia."

"Akaunti inafunguka leo. Weka namba mpya ya siri." Akamsogezea simu.

Kwa mazoea Nusu Inchi aliisukuma kwa wifi. Wifi aliitazama ile simu kama kitu kilichookotwa njiani, akainuka, akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake.

Ikabidi aweke mwenyewe. Maelekezo yalikuwa mistari mitano. Hakusema miwani imevunjika. Alifuata kwa kidole, herufi kwa herufi, midomo ikicheza, na watu wawili waliokuwa wakingoja zamu kwenye viti vya plastiki wakamtazama. Alikosea, ikakataa. Akaanza tena. Afisa alijitia anapanga karatasi. Ilimchukua robo saa, na jasho likamshuka mpaka kwenye tepu ambayo alikuwa amesahau kuivua shingoni.

Alipotoka, wifi alikuwa amesimama kwenye ngazi anaongea na simu, laini imerudi, anamwelekeza mteja kwa sauti yake ya siku zote ya utani. Alipomwona akakatisha ile sauti, akamalizia maneno mawili, akaweka simu kwenye pochi.

"Umeiandika mahali?"

"Hapana."

"Usiiandike. Na usiniambie."

"Wifi—"

"Twende, mke wa kaka," akasema yule mwanamke, jina ambalo katika miaka kumi na saba hakuwahi kumwita nalo hata mara moja. Akatangulia kushuka ngazi, na Nusu Inchi akamfuata nyuma.